2,147,483,647: Namba moja, kazi nyingi

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Sikuja na mada pana. Nimekuja na namba moja tu, hii hapa ubaoni: 2,147,483,647. Tuisome pamoja: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Ukiitazama ilivyo, huoni cha kukuvutia. Tarakimu zake hazina mpangilio, na wala haiishii kwa sifuri kama namba tunazozipenda. Lakini hiyo ni sura yake kwa sisi tuliozoea kuhesabu kwa makumi. Tuiandike kwa msingi wa mbili, ambako tarakimu ni 0 na 1 pekee:

1111111 11111111 11111111 11111111

Hesabuni wenyewe: ni tarakimu 1 mara thelathini na moja, bila sifuri hata moja. Namba yetu ni 2 iliyopandishwa hadi kipeo cha 31, halafu ikapunguzwa 1. Tunaandika 2³¹ − 1. Nataka muione kwa sura hiyo, kwa sababu mambo yote nitakayoyasema leo yamo ndani ya hizo 1 zilizopangana. Wanahisabati waliihangaikia kwa zaidi ya karne moja na nusu, kisha ikaonekana haina faida yoyote, na leo imo ndani ya mashine zisizohesabika. Sidhani kama hayo ni mambo matatu tofauti.

Jambo la kwanza ni kwamba namba hii ni tasa. Hakuna namba nzima inayoigawanya bila kubakiza, isipokuwa 1 na yenyewe. Kulitamka hilo ni rahisi. Kulithibitisha kwa kalamu na karatasi ni shughuli nyingine kabisa, na ndipo penye utamu.

Tuanze na namba ndogo zilizoumbwa vivyo hivyo. Chukua 1 kumi na tano mfululizo: 111 111 111 111 111. Nimezigawa kwa makundi ya tatu tatu makusudi. Kila kundi ni 111, yaani 7 yetu ya kawaida, kwa hiyo namba nzima lazima igawanyike kwa 7. Na kweli, 2¹⁵ − 1 ni 32,767, ambayo ni 7 × 4,681. Kwa hiyo kipeo kikiweza kugawanywa katika makundi yaliyo sawa, namba nayo inagawanyika. Ukitaka 1 mfululizo zikupe namba tasa, ni lazima idadi yake yenyewe iwe tasa. Thelathini na moja ni tasa, basi mtihani huo imeupita. Lakini mtihani huo hautoshi. Kumi na moja nayo ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2,047, na hiyo ni 23 × 89.

Hapo ndipo wengi walipojikwaa. Pietro Cataldi, mwanahisabati wa Bologna, Italia, alithibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Aligawanya kwa kila namba tasa aliyopaswa kuijaribu, moja baada ya nyingine, na kazi hiyo tunaiheshimu hadi leo. Katika kitabu kilichochapwa 1603 akaenda mbele zaidi, akasema kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat akaonyesha kwamba namba ya kipeo cha 23 inagawanyika kwa 47, na ya kipeo cha 37 kwa 223. Mwaka 1738 Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, akaonyesha kwamba ya kipeo cha 29 inagawanyika kwa 233. Katika vinne vya Cataldi kikabaki kimoja, 31. Marin Mersenne, ambaye jina lake ndilo lililopewa namba za aina hii, naye aliiweka 31 katika orodha yake ya vipeo ya 1644. Ila orodha hiyo ilikuja kuonekana na makosa: 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 zilisahaulika. Kwa hiyo mpaka wakati huo 2,147,483,647 ilikuwa namba iliyosemwa kuwa tasa na watu ambao maneno yao hayakutosha kutegemewa.

Aliyekata shauri ni Euler huyohuyo, mwaka 1772, akiwa Saint Petersburg. Alikuwa amepita miaka sitini na macho yake yalikuwa yamekaribia kuzima kabisa. Habari hiyo aliieleza katika barua. Naomba mnivumilie hapa niende polepole, maana njia aliyoitumia ni miongoni mwa vitu vizuri nilivyowahi kujifunza.

Ukitaka kujua kama namba ni tasa, huna haja ya kujaribu vigawo vinavyozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na sehemu kidogo. Chini ya hapo namba tasa ni zaidi ya 4,700, na mtu akiamua kugawanya kwa kila moja kwa mkono atakesha miezi. Euler alijiuliza swali jingine: kama kigawo kipo, kitakuwa na sura gani?

Tuseme kuna namba tasa p inayoigawanya 2³¹ − 1. Chukua 1, izidishe kwa 2, tena kwa 2, tena kwa 2, na kila mara ugawanye kwa p na ubakize baki tu. Baki hizo haziwezi kwenda bila mwisho. Zinazunguka kama mshale wa saa na kurudi kwenye 1. Kwa kuwa p inaigawanya 2³¹ − 1, baada ya hatua 31 tuko kwenye 1 tena. Na kwa kuwa 31 ni tasa, hakuna mzunguko mfupi zaidi uliojificha ndani yake. Mzunguko ni 31 kamili. Fermat naye alikuwa ameshatuambia kwamba baada ya hatua p − 1 ni lazima tuwe tumerudi kwenye 1. Basi p − 1 ni lazima igawanyike kwa 31. Tena p ni witiri, kwa hiyo p − 1 ni shufwa. Matokeo yake, p inazidi kigawe cha 62, yaani 62 mara namba nzima fulani, kwa moja. Namba nyingine zote zimeanguka bila kuguswa!

Kisha akachuja mara ya pili. Ikiwa 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni mraba, ni 2¹⁶ mara yenyewe. Kwa hiyo katika hesabu za baki za p, 2 yenyewe ni mraba. Namba tasa zenye tabia hiyo zinajulikana: ukizigawanya kwa 8 zinabakiza 1 au 7, basi. Unganisha machujo yote mawili, na vigawo vinavyobaki ni vya sura mbili tu: kigawe cha 248 ukijumlisha 1, au kigawe cha 248 ukijumlisha 63.

Tujaribu kidogo hapa ubaoni, muone jinsi uwanja ulivyosafishwa. Namba za sura hizo, tukianzia chini, ni 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055, 1,241, 1,303, 1,489. Nyingi zinajiondoa zenyewe kwa kuwa si tasa: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 1,241 ni 17 × 73. Kuanzia 1 hadi 1,500 zimesalia tatu za kujaribu: 311, 1,303 na 1,489. Gawanya namba yetu kwa 311, inabaki 35. Kwa 1,303, inabaki 226. Kwa 1,489, inabaki 199. Hakuna iliyoigawanya. Endelea hivyo hadi 46,340 na hata kama hutaondoa zisizo tasa, majaribio hayazidi 373. Hiyo ni kazi inayofanyika. Euler aliifanya, na hakupata kigawo hata kimoja.

Kwa zaidi ya miaka 70 hakuna aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Nitapita haraka kwenye jambo linaloambatana na hilo. Wagiriki waliziita kamilifu zile namba ambazo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiacha yenyewe, unaipata namba ileile. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa iliyoundwa kwa 1 mfululizo inazaa namba kamilifu moja. Ya kwetu ilizaa ya nane, 2³⁰ × (2³¹ − 1), yaani 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana. Sababu aliyoitoa ni hii: namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina matumizi, kwa hiyo si rahisi mtu ajisumbue kutafuta nyingine. Mimi simlaumu Barlow. Kwa ushahidi aliokuwa nao, yeyote kati yetu angesema vivyo hivyo. Tena swali lake ni la haki, na mwalimu yeyote wa hisabati amewahi kuulizwa: ya nini yote haya?

Sasa tuje kwenye mashine. Kompyuta huhifadhi namba kwa biti, na kila biti ni 0 au 1. Kwa miaka mingi namba nzima ya kawaida katika programu ilipewa biti 32. Biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi. Zinabaki 31. Je, namba kubwa kabisa inayoweza kukaa humo ni ipi? Ni ile ambayo biti zote 31 zimejaa 1. Ni namba yetu, tarakimu kwa tarakimu.

Ukiongeza 1 hapo, hakuna nafasi tena. Ile 1 inahamia kwenye biti ya alama, na katika mashine nyingi namba inageuka ghafla kuwa −2,147,483,648. Programu iliyokuwa ikihesabu kwenda juu inajikuta chini kabisa upande wa hasi. Hili si jambo la vitabuni tu. Desemba 2014 YouTube ilitangaza kwamba video moja ya muziki kutoka Korea Kusini imetazamwa hadi kufikia ukomo huo, na kihesabio kimepanuliwa kufika biti 64.

Kubwa zaidi ni habari ya saa. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu muda kwa sekunde kuanzia mwanzo wa siku ya 1 Januari 1970, kwa saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia. Sekunde hizo zikihifadhiwa katika biti 32 zenye alama, sekunde ya 2,147,483,647 itaangukia tarehe 19 Januari 2038, saa 9 na dakika 14 na sekunde 7 usiku. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utasoma 13 Desemba 1901. Mifumo mipya mingi imeshahamia biti 64, lakini wasiwasi upo kwenye vifaa vya zamani, vile vidogo vilivyofungwa ndani ya mitambo na kusahaulika, ambavyo hakuna mtu anayevifungua. Ninyi mnaoandika programu, nawasihi mlichukue kwa uzito. Tarehe tunaijua hadi sekunde yake, kwa hiyo hatutakuwa na kisingizio.

Hapa mtu anaweza kusema: sawa, lakini hiyo ni bahati tu. Mashine inajaza 1 zote, haijali kama namba ni tasa au si tasa. Ni kweli, haijali. Tena si kila mashine ina bahati hiyo. Biti 8 zenye alama zinaishia 127, nayo ni tasa. Biti 16 zinaishia 32,767, ambayo tumeiona ikigawanyika kwa 7. Biti 32 ni yetu, tasa. Biti 64 zinaishia 2⁶³ − 1, na kwa kuwa 63 inagawika katika makundi ya tatu tatu, hiyo nayo ni kigawe cha 7. Biti 128 zinaishia 2¹²⁷ − 1, ambayo Édouard Lucas alithibitisha mwaka 1876 kuwa tasa. Mmoja ndiyo, mmoja siyo, mmoja ndiyo. Msidhani kuna kanuni inayoendelea hivyo milele. Lakini kwa biti 32 mambo mawili yalikutana: namba inayojaza chumba chote cha mashine, na utasa. Watu wenye akili walilitumia hilo.

Walilitumia kutengeneza namba za kubahatisha. Michezo ya kompyuta, majaribio ya kisayansi ya kuigiza, uteuzi wa sampuli, vyote vinahitaji mfululizo wa namba unaoonekana hauna mpangilio. Njia moja maarufu, iliyokomaa katika miaka ya 1960 na ambayo Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza mwaka 1988 kuwa kiwango cha chini kinachokubalika, ni fupi ajabu: chukua namba uliyonayo, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, bakiza baki. Rudia.

Anza na 1. Ya kwanza ni 16,807. Ya pili ni 282,475,249. Ya tatu, ukizidisha unapata 4,747,561,509,943, namba iliyokwisha kufurika. Sasa tazameni. Mnakumbuka shuleni, ukitaka baki ya namba ikigawanywa kwa 9 unajumlisha tarakimu zake? Inawezekana kwa sababu 10 ikigawanywa kwa 9 inabakiza 1. Hapa nako 2³¹ ikigawanywa kwa namba yetu inabakiza 1. Kwa hiyo hatugawanyi kwa kweli. Tunaikata namba kubwa vipande viwili kwenye biti ya 31: kipande cha juu ni 2,210, cha chini ni 1,622,647,863. Jumlisha. Jibu ni 1,622,650,073. Mashine inahamisha biti na kujumlisha, na kazi imekwisha. Ni zile 1 zilizopangana ndizo zinazotupa urahisi huo.

Na kwa nini 16,807? Hiyo ni 7 kwa kipeo cha 5. Ukizidisha kwa 7 tena na tena na kubakiza baki za namba yetu, unapita katika kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla hujarudi ulikoanza. Mzunguko kamili wa namna hiyo unapatikana kwa sababu namba ni tasa. Lakini 7 ni ndogo mno, hatua zake zinaonekana, basi unataka kipeo chake kilicho kikubwa zaidi ambacho hakivunji mzunguko. Ili kujua kipeo gani hakivunji, tazama jirani wa chini wa namba yetu: 2,147,483,646 ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Humo 5 haimo. Kwa hiyo 7⁵ inafaa kabisa, ambapo 7² au 7³ zingeharibu kila kitu. Na mmeiona 31 humo ndani? Haikuingia kwa bahati. Namba hiyo ni 2 × (2³⁰ − 1), na Fermat anatuhakikishia kwamba 31 inaigawanya 2³⁰ − 1.

Tafakarini: usahihi wa chombo hicho unategemea kwamba 2,147,483,647 haina kigawo. Yaani unategemea jibu alilolitoa mzee aliyekuwa karibu kipofu mwaka 1772 kwa swali ambalo halikuwa na matumizi. Ndiyo maana nasema mambo yale matatu si tofauti. Sura iliyomwezesha Euler kuchuja vigawo ndiyo inayoijaza mashine, na ndiyo inayorahisisha hesabu ya baki.

Limebaki moja ambalo siwezi kuliacha. Kipeo cha namba yetu ni 31, na 31 yenyewe ni 1 tano mfululizo, 2⁵ − 1. Tasa imezaa tasa, nayo ikazaa tasa: 5, 31, 2,147,483,647. Je, tukipanda tena? Chukua 1 mfululizo, idadi yake iwe bilioni mbili na ushee, namba yetu nzima. Ukiiandika kwa makumi itakuwa na tarakimu zaidi ya milioni 646. Je, ni tasa?

Siyo. Inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Kigawo hicho kinatii sheria zilezile za Euler. Ukikipunguza 1, kinagawanyika kwa mara mbili ya namba yetu, na jibu ni 68,745 kamili. Ukikigawanya kwa 8, kinabakiza 7. Tena kukihakiki hakuhitaji kuiandika ile namba ya tarakimu milioni 646. Chukua 2, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa kigawo hicho, bakiza baki. Baki hiyo nayo izidishe kwa yenyewe, gawanya, bakiza. Fanya hivyo mara 31. Kama kigawo ni cha kweli, mwishoni utaishika 2 ileile uliyoanza nayo. Mwenye karatasi na subira anaweza kulifanya kwa mkono, na nawashauri mjaribu.

Hatua inayofuata ya aina hiyo ni kuanza na 61: kuchukua 2⁶¹ − 1, ambayo ni tasa, na kuifanya kipeo. Hiyo imetafutiwa vigawo kwa kompyuta kwa miaka mingi na hakuna kilichopatikana, wala hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ni tasa. Kila kigawo chake, kama kipo, kitazidi kigawe cha 2 × (2⁶¹ − 1) kwa moja, na kikigawanywa kwa 8 kitabakiza 1 au 7. Anayetaka kushiriki msako anajua pa kuanzia. Asanteni, nayasubiri maswali yenu.